Albamu za wasanii wa kujitegemea ninazozipenda, na namna ya kuzisikiliza: jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 24 anayeuza vifaa vya simu jijini Mwanza. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Dukani kwetu redio inawashwa asubuhi mpaka jioni na nyimbo ni zilezile. Rafiki yangu aliyeko Nairobi ananiambia kuna albamu za wasanii wa kujitegemea, wasio na lebo kubwa, zinazosifiwa mpaka Ulaya, na kwamba nyingine zimetengenezwa hapahapa Dar. Nilijaribu kusikiliza moja, nikaishia dakika mbili, nikaona ni kelele tu. Wewe mwenyewe unazipenda zipi za miaka ya karibuni, na mtu kama mimi anazisikilizaje?"

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na hizo dakika mbili, kwa sababu swali lako lote limo humo. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20 ni kuchanganya sauti. Watu wanaingia studio, wanarekodi ngoma, kinanda, gitaa na sauti zao, kisha mimi nakaa na miksa niamue nini kiwe mbele na nini kiwe nyuma. Kwa nyimbo za redioni uamuzi huo ulishafanyika kabla hata msanii hajafika. Mwimbaji anakaa mbele, ngoma nzito inamfuata, vingine vyote vinampisha njia, na kiitikio lazima kifike mapema kabla msikilizaji hajabadilisha stesheni. Masikio yako yamelelewa hivyo, na yangu pia. Ndiyo maana ukikutana na wimbo ambao mwimbaji hayuko mbele, au hayupo kabisa, sikio linamtafuta, linamkosa, linachoka. Ukishachoka, neno la karibu ni "kelele".

Kwa hiyo, kwa kila albamu nitakayokutajia, jiulize jambo moja: huyu mtu ameamua kuweka nini mbele? Ukikipata hicho, dakika mbili zitakuwa kumi bila wewe kujua.

Na tuelewane kwenye neno. Ninaposema muziki wa kujitegemea simaanishi mtindo fulani wa gitaa au wa kompyuta. Namaanisha kazi ambayo msanii mwenyewe, au lebo ndogo ya watu wachache, ndio waliolipia studio, wakaamua nyimbo ziwe ngapi, ziwe na urefu gani, na ziimbwe kwa lugha gani. Ndiyo maana kwenye kapu hilohilo utakuta singeli, taarabu, ngoma ya Wagogo, na sauti ya mvua iliyorekodiwa bila mtu kuimba neno hata moja.

Nahisi uliyoikimbia ni singeli, na huenda ilikuwa "Sounds of Sisso". Hiyo ni mkusanyiko uliotoka 2017, umebeba kazi za vijana wa studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Uliotoa ni lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. Jina hilo linawashtua Waswahili, lakini limetokana na neno la Kiganda, ekinyegenyege, yaani hamu ya kucheza isiyozuilika. Watu haohao ndio wenye tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 kule Jinja, mto Nile unapotokea ziwani. Ziwa hilohilo la kwenu.

Nikueleze ukweli: mimi singeli niliikataa kwa miaka. Nimekulia Kinondoni miaka ya tisini, enzi za mchiriku. Vikundi vile vilikuwa na kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na kipaza sauti kinachokwaruza, na vilipiga mtaani mpaka alfajiri. Jagwa Music wa Mwananyamala walikuwa miongoni mwao, na mwaka 2012 albamu yao "Bongo Hotheads" ilitolewa na Crammed Discs, lebo ya kujitegemea ya Ubelgiji. Nilipoanza kusikia singeli niliona ni mchiriku ulioharibiwa. Vijana walikuwa wanachukua kipande cha ala cha taarabu, wanakizungusha, wanakiongeza kasi mpaka kinalia kama ndege, kisha mtu anaghani juu yake. Mdundo unakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, wakati Bongo Fleva nyingi hazifiki hata nusu ya hapo.

Kisha siku moja nikaitwa kupeleka spika kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha, Manzese. Nikakaa na miksa yangu nikifanya nilichozoea: napunguza zile sauti kali za juu, naongeza uzito wa chini, nataka mwenye kughani asikike maneno. Baada ya nyimbo mbili wachezaji wakapoa. Kijana mmoja akaja, akaniomba kwa adabu asogeze vitufe mwenyewe. Akarudisha zile sauti kali zote, akamteremsha mghani mpaka akawa sawa na kinanda, na uwanja ukawaka. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kilichowekwa mbele kwenye singeli ni kasi yenyewe, na kile kipande kinachozunguka. Maneno yanapanda na kushuka humo kama abiria ndani ya daladala. Mchezaji hafuati kila pigo, maana hakuna mwili unaoweza. Anachagua moja kati ya manne, anakaa nalo, na mengine yanampita mwilini.

Fanya hivyohivyo ukisikiliza. Usihesabu kila pigo. Tafuta lile la polepole lililojificha chini, gonga mguu hapo, ndipo uliache hilo linalokimbia likimbie.

Ukishaweza hilo, chukua "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta wa studio hiyohiyo ya Sisso, ya mwaka 2019. Kwangu hiyo ndiyo albamu ya singeli iliyopangwa vizuri kuliko zote, kwa sababu mwenyewe anajua lini akupumzishe. Halafu "Mr Mixondo" ya DJ Travella, ya 2022. Huyo alikuwa bado kijana mdogo kabisa alipoitoa, na karibu yote ni ala tupu. Amechukua singeli akaichanganya na vinanda vya muziki wa klabu za kisasa, na vile vipande vyake vinavyokatika na kurudi vinanifurahisha kama fundi: kila ukidhani umemkamata, ameshageuka. Ya tatu ni "Singeli Ya Maajabu" ya mwaka 2024, ambayo Sisso mwenyewe ameifanya na Maiko. Humo kinanda kinapigwa kwa vidole kweli, hakizungushwi tu na kompyuta, na kwa masikio yangu ndipo mchiriku wa utoto wangu unaporudi nyumbani. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia.

Sasa tuvuke bahari. Ukinishika koo nichague albamu moja tu katika hizi zote, nitachagua "Siti of Unguja" ya Siti Muharam, iliyotolewa mwaka 2020 na On the Corner, lebo ndogo ya Uingereza. Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad. Huyu bibi kila Mswahili anamjua kwa jina, lakini wengi wa rika lako hamjapata kumsikia akiimba, kwa hiyo nisimame hapa kidogo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na ujanani alikuwa akitembeza vyungu huku akiimba. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alitia Kiswahili kwenye taarabu ambayo katika jumba la sultani ilikuwa ya Kiarabu. Aliimba mapenzi, na aliimba pia mambo ya mahakamani. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kama mgeni. Mtuhumiwa akatoroka, na waliokwenda jela ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Wimbo huo umo katika albamu ya kitukuu chake. Usikilize ukijua habari hiyo.

Kwa sisi mafundi kuna jambo jingine la kulijua. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi, basi. Taarabu haikuzaliwa kwa dakika tatu. Ni muziki wa kukesha, wa mtu kurudia ubeti mpaka ukolee, wa ala kujibu kwa raha zake. Kwa hiyo tunachomsikia bibi kwenye santuri ni muziki uliokatwa ili utoshee kwenye sahani. Sauti ipo na maneno yapo, ila muda umenyimwa. Albamu hii ya 2020 imeurudisha muda huo. Mpangaji wa muziki ni Mohamed Issa Matona, bwana wa udi na fidla ambaye Zanzibar nzima inamheshimu, na chini yake kumewekwa besi nzito, na vionjo vya kompyuta kwa kiasi ambacho hakimkeri mtu wa taarabu asilia. Huwa wazalishaji wakipewa muziki wa zamani wanaujaza vitu mpaka ladha inapotea, kama pilau iliyozidishwa bizari. Hapa wameacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo imewekwa mbele. Sikiliza mwanzo wa "Machozi ya Huba": sauti inapoingia, hakuna kinachokimbilia kuijaza. Unamsikia akivuta pumzi.

Sauti yake haijafanana na zile za taarabu ya kisasa ya mipasho. Ina mkwaruzo kidogo, ya mtu mzima aliyeona mengi. Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa kazini, nikazima kila kitu, nikakaa.

Ukiipenda hiyo, endelea na "Fusing the Roots" ya Siti & the Band, ya mwaka 2018. Wenyewe ni matunda ya chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, Dhow Countries Music Academy, kinachofundisha tangu 2002. Siti Amina anapiga udi na kuimba, na wao wanachangamka zaidi. Wapo vizuri sana jukwaani; ukipata nauli mwezi wa pili, nenda tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, ukatazame vikundi vya namna hiyo kwa macho yako.

Bara tunayo "Maisha" ya The Zawose Queens, iliyotoka 2024 chini ya lebo ya Real World. Pendo Zawose ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Marehemu mzee Hukwe, Mgogo wa Dodoma aliyeishi Bagamoyo, aliutembeza muziki wa Wagogo dunia nzima, akafariki mwishoni mwa 2003. Miaka yote hiyo wanawake wa ukoo walikuwa wanasimama nyuma wakiitikia. Kwenye albamu hii wamesogea mbele, wanatunga na kuongoza, ilimba, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na zeze ziko mikononi mwao. Unaona tena lile swali letu? Mara hii kilichowekwa mbele ni watu waliokuwa nyuma. Sikiliza "Muheme", ambayo jina lake ni la ngoma za wanawake wa Kigogo: jinsi sauti mbili zinavyoachana, kila moja ikaenda njia yake, zikakutana mwishoni mwa mstari bila mtu kuzihesabia. Kuna nyimbo mbili tatu humo ambazo biti ya kompyuta naiona haikuwa na lazima, ilimba peke yake ingetosha. Lakini nyingine zote zimenikaa.

Rafiki yako wa Nairobi atakuwa ameshakutajia KMRU. Huyo ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mzee wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, ambaye tungo zake ziliwakosesha usingizi watawala. Mjukuu amekwenda njia nyingine kabisa, japo kazi za babu yake anazitunza na kuzitoa upya. Albamu yake "Peel", iliyotolewa 2020 na lebo ya Editions Mego, haina ngoma wala kuimba. Ametembea na kinasa sauti, akarekodi mahali, kisha akazitandaza sauti hizo taratibu pamoja na vinanda vizito vinavyobadilika kidogo kidogo. Wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu, unapita dakika 20.

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nikuelekeze. Usimsikilize KMRU dukani. Usimsikilize kwenye spika ndogo ya bluetooth, kwa sababu spika za ukubwa huo hazina uwezo wa kutoa zile sauti za chini kabisa, na kwake huko chini ndiko mambo yaliko. Vaa hedifoni usiku, watu wakishalala. Alichoweka mbele ni mahali. Umewahi kukaa ufukweni, pale kwenye mawe ya Bismarck, mpaka ukaacha kuyasikia maji, halafu ghafla ukayasikia tena? Ndivyo albamu ile inavyofanya kazi. Wanafunzi wangu nawapigia wimbo huo wa mwisho bila kuwaambia chochote, kisha nawauliza ni lini ulibadilika. Kila mmoja ana dakika yake.

Ukimpenda, ndugu yake wa karibu kisanaa ni Nyokabi Kariũki, Mkenya pia, na kazi yake fupi ya 2022 "peace places: kenyan memories". Amekusanya sauti za sehemu alizopendelea: ufukwe wa Galu, shamba la bibi yake, mbuzi wakilishwa maembe. Inamalizika kabla hujaitamani imalizike, nami ndiyo ninayompa mtu anayeogopa "Peel".

Kwa upande wa kelele halisi, wapo Duma. Ni vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020. Wewe utadhani ni yule mnyama mwenye mbio, lakini wao wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Ni mayowe na ngoma za mashine, na sikushauri uanze nayo. Nakutajia kwa sababu mmoja wao, Lord Spikeheart, mwaka 2024 alitoa "The Adept" kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu, akimuenzi mama wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, yule fildi mashali wa Mau Mau aliyefariki 2023. Ukilijua hilo, yale mayowe yanakuwa na anwani.

Sasa mambo ya simu na pesa, maana wewe ni mtu wa biashara. Muziki wa kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa ubora wa kati, ule wa kilobiti 160 kwa sekunde, unakula kama MB 72 kwa saa. Ukipandisha ubora mpaka 320 inakuwa mara mbili yake. Kwa hiyo pakua albamu mara moja penye waifai, kisha isikilize mara ishirini bila bando. Na mara ishirini nazimaanisha. Albamu hizi hazikutengenezwa ili zikukamate mara ya kwanza.

Nyingi utazikuta Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao, na ambako unaweza kusikiliza kabla ya kununua. Ukinunua albamu ya dijitali ya dola 7, wao wanachukua asilimia 15, yaani dola moja na senti tano, kuna makato ya malipo, na inayobaki inakwenda kwa mwenye ukurasa. Tazama mwenye ukurasa ni nani. Kama ni msanii mwenyewe, pesa imemfikia. Kama ni lebo, atapata kwa mujibu wa mkataba wao, na mikataba haifanani. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa kadhaa kwa mwaka ambazo Bandcamp wanaacha sehemu yao. Mimi manunuzi yangu nayangojea siku hizo. Kadi ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za simu inatosha, huhitaji akaunti ya benki.

Usinunue zote. Anza na "Siti of Unguja" ya kusikiliza ukifunga duka, na "Tatizo Pesa" ya mchana. Hiyo ya pili spika yako ndogo inaimudu vizuri, kwa sababu uhondo wake uko katikati na juu. Iweke Jumamosi jioni, saa ile barabara imejaa, na mteja akisimama mlangoni akuulize huo muziki ni wa wapi, mwambie ni wa Mburahati.